Mawe ya Oman na mawe ya kwetu Gilgil

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Gilgil, Kenya, tulio nje, wiki nzima watu wamekabana koo kuhusu zile mashine zinazoletwa kwetu za kunyonya hewa ukaa (kaboni dioksidi) angani ili izikwe mwambani. Wengine wanasema ni utapeli wa wazungu. Wengine wanasema tajiri amebisha hodi, afunguliwe upesi kabla hajaenda kwa jirani. Mimi niko Muscat, ni fundi wa AC, na mawe yanayofanya kazi hiyo nayapita kila ninapotumwa Nizwa. Basi leo nitasema langu kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na mwamba wenyewe, maana hapo hakuna utapeli. Ukitoka Muscat kwa barabara ya Nizwa, ukishafika Fanja unazungukwa na vilima vyeusi na vya kahawia, vimepasukapasuka, havina hata kichaka cha kumfaa mbuzi. Pale barabara ilipokata kilima utaona michirizi myeupe imepenya katikati ya jiwe jeusi, mingine mipana kuliko kiganja. Jiwe hilo ni peridotaiti. Kwa kawaida hukaa chini sana ardhini, lakini hapa Oman lilisukumwa juu mamilioni ya miaka iliyopita, na limeenea kwa mamia ya kilomita. Lina magnesiamu tele. Maji ya mvua yaliyobeba hewa ukaa yakiingia kwenye nyufa, magnesiamu inaikamata hewa ile, na kinachozaliwa ni jiwe jipya, jeupe. Hewa iliyogeuka jiwe haina pa kuvujia.

Kwenye baadhi ya mabonde maji hayo hutoka tena juu, yakafanya vidimbwi vya rangi ya samawati. Juu yake kuna utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa. Nimewahi kuuvunja kwa kidole: ni vigae vyembamba vya chokaa, vinajiunda hapo hapo kwa sababu kalsiamu ya maji inaivuta hewa ukaa kutoka angani. Maji yenyewe yanateleza vidoleni kwa ukali wake. Usijaribu kuyaonja.

Kuna mzee mmoja huwa namtengenezea AC, Mwomani aliyezaliwa Unguja, na mpaka leo Kiswahili chake kinaniaibisha mimi Mkenya. Nilimwuliza kuhusu vilima hivi. Akacheka. "Mwanangu, majabali haya tulikuwa tukiyalaani, hayaoti hata nyasi. Leo naambiwa ni mali."

Ni mali kweli, ila yanafanya kazi polepole. Wanasayansi Peter Kelemen na Juerg Matter walikadiria mwaka 2008 kwamba milima ya Oman yenyewe hunasa baina ya tani 10,000 na 100,000 za hewa ukaa kwa mwaka, ilhali dunia inatoa karibu tani bilioni 37 kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa. Ndiyo sababu ikaanzishwa hapa mwaka 2020 kampuni ya 44.01 (jina ni uzito wa molekuli ya hewa ukaa), inayoichanganya hewa hiyo na maji na kuisukuma ndani kabisa ya mwamba. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya mazingira ya Earthshot. Katika jaribio la Fujairah, kule Emirati, tani 10 ziligeuka jiwe katika siku zisizofika 100. Walitumia maji ya bahari, jambo la maana sana, kwa sababu kule Iceland, ambako kampuni ya Carbfix inafanya hivyo kwenye mwamba wa basalti, kila tani moja ya hewa inakunywa zaidi ya tani 20 za maji.

Sasa pigeni hesabu. Mkaaji mmoja wa Oman, kwa wastani, anachangia kiasi cha tani 15 kwa mwaka. Lile jaribio lililoandikwa kwenye magazeti halikufuta hata mwaka mmoja wa mtu mmoja! Wala siwacheki, kila kitu huanza kidogo. Kinachonikereketa ni kwamba Agosti napanda kwenye paa za nyumba, joto linapita 45, nakuta AC zinanguruma kwenye vyumba visivyo na mtu, na karibu umeme wote huo unatoka kwenye gesi. Hata hivyo kwa jambo moja nawapa heko: wenye moshi ni wao, wenye jiwe ni wao, na pesa ni zao. Anayechafua anafagia uani kwake.

Kwetu mambo yamekaa kinyume. Bonde la Ufa lina basalti ya kutosha, Olkaria ina mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, na umeme wetu takriban asilimia 90 si wa mafuta. Ndiyo maana vijana wa Octavia Carbon, kampuni ya Kenya inayounda mashine hizo za kunyonya hewa, wamezijaribu hapo Gilgil, na ninajivunia kwamba ni mikono ya Wakenya inayozichomelea. Lakini Mkenya wa kawaida anatoa kama nusu tani tu kwa mwaka. Moshi utakaozikwa ni wa watu wengine. Sisi tunalipa kodi ya moshi huo tayari: muulizeni yeyote wa Kihoto ambaye Ziwa Naivasha lilimwingilia sebuleni, au wa Mai Mahiu, waliokumbwa na mafuriko Aprili 2024.

Kwa hiyo kwa wale wa "utapeli" nasema hapana, sayansi ipo na nimeigusa. Kwa wale wa "fungua mlango" nasema ngojeni kwanza. Anayetaka kuzika moshi wake kwetu alipe bei ya kaburi, asilipe bei ya jaa. Tusisahau kwamba mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo cha umeme cha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Na mashine hizi zina kiu ya umeme. Mvuke wa Olkaria ukipelekwa huko huku nyumba zilizo ng'ambo ya barabara zinawasha koroboi, msiniambie hayo ni maendeleo.

Sheria tunayo. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka mradi wa kaboni wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, na ule usio wa ardhini asilimia 25. Hebu mwanasheria wa kundi letu anijibu: mashine inayonyonya hewa juu na kuizika mwambani chini ni mradi wa ardhini, au si wa ardhini? Na mkataba huo na jamii unatajwa kwa ardhi ya umma na ya jamii, ilhali sehemu kubwa ya Gilgil ni mashamba ya watu binafsi. Hayo ndiyo ya kuuliza kwenye baraza, kabla chai haijamiminwa na karatasi za kutia sahihi hazijaanza kuzungushwa.