Kigoma tuko mkiani mwa waya, tunaomba njia ya pili

Juzi saa mbili usiku umeme ulikata hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kijana mmoja pale dukani akasema kwa sauti, si walisema kule Rufiji, bwawa la Nyerere, megawati zimejaa, sasa hii nini tena? Watu wote wakaitikia. Swali lake ni la haki kabisa na sijaacha kulifikiria tangu siku ile, maana na mimi nina friza mbili za samaki na mgebuka hausubiri mtu.

Nadhani tumezoea kuuliza swali moja tu, umeme upo mwingi kiasi gani. La pili hatuulizi: huo umeme unashikiliwaje usianguke?

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majenereta miaka ile Kigoma nzima tunaishi kwa dizeli. Nilikuwa nampelekea chakula jioni. Mita alikuwa anaziangalia ndiyo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Ikifika saa moja jioni watu wanawasha taa, tv, pasi, mashine inalemewa, mlio unakuwa mzito na unashuka, mafuta lazima yaongezeke hapo hapo. Usiku wa manane watu wamelala mlio unataka kupanda, inabidi yapunguzwe. Akaniambia, "Mjomba, umeme haukai kwenye debe. Unaotoka hapa ndio unaotumika sasa hivi."

Basi gridi ya taifa ni hicho hicho, ila mashine ni nyingi na ziko mbali mbali. Za maji za Kidatu, Mtera na Kihansi, za gesi kule Dar, bwawa la Nyerere, zote zinakwenda kwa pigo moja kama wapiga makasia kwenye mtumbwi mmoja. Pigo lenyewe ni mizunguko 50 kwa sekunde, hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji pigo linashuka nchi nzima, siyo Dar tu wala Kigoma tu. Pale Ubungo, Dar, kuna watu kwenye chumba cha kuongozea gridi, mchana na usiku wanaangalia hiyo namba na kupiga simu huyu aongeze huyu apunguze. Hawa watu tunawasikia siku mambo yameharibika tu, na kwa kweli mimi naona si sawa.

Sasa angalia hili. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Kidatu nzima, mashine zake zote 4, ni megawati 204. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji ukitripu, yaani ukijizima ghafla, ni kama umeipoteza Kidatu yote na zaidi, kwa sekunde moja. Ukiwa na mashine kubwa hivyo lazima muda wote kuwe na mashine nyingine zinazozunguka bila kubeba mzigo wote, zina nafasi ya kupokea ghafla. Hiyo akiba ikiwa ndogo, au ikichelewa, vifaa vya kujikata vinaanza kuangusha laini moja baada ya nyingine ili kuokoa zilizobaki. Kwa hiyo umeme unaweza kukukatikia Kigoma kwa sababu ya kitu kilichotokea mbali kabisa na Kigoma, na hiyo siyo mgao, ni gridi inajiokoa.

Kwetu kuna la ziada. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi mwaka 2022 na tulifurahi, nani alitaka ule moshi tena. Lakini sisi tuko mwisho wa waya. Anayepata umeme kwa njia moja tu, mti ukiangukia nguzo huko katikati, au radi za masika hizi, wote gizani. Hata waya ukiwa mzima umbali wenyewe ni kazi. Jioni matumizi yakipanda volti zinashuka, taa zinafifia na friza inanguruma tu bila kugandisha. Usiku mkubwa mambo yanageuka, laini ndefu yenye mzigo mdogo inapandisha volti zenyewe mpaka vitu vinaungua. Dawa yake inajulikana, ni kufunga riakta, vifaa vya kushusha volti zikizidi, kwenye vituo vya kupoza umeme zinywe ile ziada.

Asiyeona uzito wa hilo aitazame Hispania. Tarehe 28 Aprili 2025, mchana kweupe, wao na Ureno walizima karibu nchi nzima. Uzalishaji haukuwa umepungua, volti ndizo zilipanda zikashindwa kudhibitiwa, mitambo ikaanza kujitoa mmoja mmoja na ndani ya sekunde chache kwisha. Waliinuka tena kwa kuanzia mitambo ya maji inayoweza kujiwasha yenyewe, na kwa umeme wa majirani, Ufaransa na Moroko.

Ndiyo maana nikisikia mtu anashangilia megawati peke yake naumia. Kwa Kigoma mpango mzuri upo: njia ya kilovoti 400 ya Nyakanazi mpaka hapa, ile ya kilovoti 132 kutoka Tabora inayopita Urambo na Nguruka, na mtambo wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Mimi naona hivi vitatu vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Njia zote mbili zikiwa hai huku umeme unaingia pande mbili, moja ikianguka nyingine inabeba. Na Malagarasi iwekewe uwezo wa kujiwasha bila kuazima umeme wa gridi, na kuishika Kigoma peke yake gridi ikianguka, hospitali na pampu za maji kwanza halafu sisi wa friza tufuate. Hilo lazima liwe kwenye michoro na mikataba tangu mwanzo maana kulirudia baadaye ni gharama.

Na tuambiwe. Umeme ukirudi tuelezwe kilichotripu ni nini, wapi, saa ngapi. Siyo "hitilafu" halafu basi. Mjomba mashine ikizima alikuwa anatoka nje na tochi yake anawaeleza majirani waliokusanyika getini, pampu ya mafuta imekufa, nipeni saa mbili, na watu walikuwa wanarudi nyumbani kulala.