Fedha za ugaidi zinafanana na fedha ya mama

Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji cha huku kwetu Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kufuatilia fedha za ugaidi ni agizo la wazungu tu. Wale watu walikula, walipanda vyombo, walipiga simu, na mahali fulani kuna aliyelipa.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi tunayo tangu 2002, na ya fedha haramu tangu 2006. Hata hivyo, Oktoba 2022 FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mambo haya, kilituweka kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti fedha hizo, tukatoka Juni 2025. Kutoka kule kuna faida: korosho yetu inalipwa kutoka nje kupitia benki, na benki haipendi nchi yenye doa.

Ugumu uko hapa. Fedha ya wizi mkubwa huonekana kwa ukubwa wake. Ya ugaidi mara nyingi hutembea kidogokidogo kwa simu, elfu hamsini, laki moja, sawasawa na ile ambayo kijana wa Kariakoo humtumia mama yake Tandahimba.

Mama mmoja jirani yangu ana ndugu ng'ambo ya Ruvuma, kama Wamakonde wengi. Laini yake ilifungwa mwezi wa saba, mikorosho ikiwa kwenye maua, na fedha ya vibarua wa kupulizia salfa imo humohumo. Kwa wakala alionyesha kitambulisho cha NIDA, akaambiwa asubiri. Wiki tatu, hakuna aliyemweleza kosa. Siku hizi mwanawe humtumia fedha ndani ya bahasha, kwa dereva wa basi.

Bahasha ile haina rekodi popote. Serikali imempoteza mtu ambaye jana ilikuwa inamwona, na kila anayeogopa simu anajaza njia ambayo mhalifu anaitaka.

Maofisa husema ukimwambia mshukiwa unamtorosha. Ni kweli, wakati uchunguzi bado ni wa siri. Lakini fedha ikishazuiwa, mhusika ameshajua. Kuanzia hapo apewe sababu kwa maandishi, tarehe ya mwisho ya kuamuliwa, na ofisa wa kumsikiliza palepale wilayani. Nauli ya kwenda Dar es Salaam kudai laki mbili inazila zote njiani.