Matufaha tuyaoke Aprili

Oktoba ikiingia, simu zinajaa picha za pai za matufaha, maboga na majani mekundu ya Marekani, nasi huku Nakuru tunaanza kusaka mdalasini. Pai haina kosa. Mwezi ndio haufai.

Matufaha mengi tunayonunua sokoni hutoka Afrika Kusini, na huko majira ya majani kupukutika ni Machi hadi Mei. Aina ya Gala huanza kuchumwa mapema, kama Februari. Granny Smith, lile la kijani lenye ukali, hufuata karibu na Aprili. Kwa hiyo tufaha la Oktoba limeshakaa miezi kadhaa kwenye ghala la baridi lililopunguzwa hewa ya oksijeni ili lisiive. Kulila hivi hivi, sawa. Kulioka? Mara nyingi linalegea na kugeuka uji.

Aprili mara nyingi ndipo jamaa wanaporudi nyumbani kwa Pasaka, mvua inanyesha, na kila mtu anataka kitu cha moto. Hapo ndipo ningependa tuache kuagiza keki ya aisingi, tuoke matufaha yaliyofunikwa chembechembe za unga na siagi. Bei yake inauma, na watoto wakisharamba sukari ya juu, nani anakula iliyobaki?

Kwa watu kumi na wawili, chukua kilo moja na nusu ya Granny Smith. Yale mekundu ya unga unga waachie watoto watafune. Menya, katakata, kamulia ndimu, nyunyiza mdalasini na sukari kidogo. Kisha fikicha gramu 250 za unga wa ngano na gramu 150 za siagi baridi kwa ncha za vidole hadi ziwe chembechembe, ongeza gramu 120 za sukari, umwage juu ya matunda bila kushindilia. Hakuna kusukuma unga, hakuna hamira, na hata shangazi asiyeamini mapishi ya mitandaoni ataweza.

Ovena iwe nyuzi 180. Mapishi ya ughaibuni yatakuambia dakika arobaini, lakini Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo matunda huchelewa kulainika. Mimi hukaribia saa nzima, na juu pakiwahi kukauka nafunika kwa foili. Asiye na ovena atumie sufuria nzito yenye mfuniko bapa: makaa machache chini, mengi juu. Mengi chini yataunguza sukari, na kuikwangua sufuria hiyo ni adhabu.

Yapakue yakiwa moto, na maziwa lala yaliyopozwa pembeni. Kama kuna atakayesisitiza keki ya aisingi, ailipie mwenyewe. Ndiyo itakayobaki mezani hadi Jumanne.