Mtaalamu msaidizi asisubiri amri paka anapokosa pumzi

Mbwa au paka anayeletwa kliniki akiwa taabani mara nyingi huokolewa au hupotea katika dakika chache za mwanzo, na dakika hizo kwa kawaida hazimo mikononi mwa daktari. Daktari yumo chumba cha upasuaji, au anazungumza na mwenye mnyama mwingine, au ndiyo kwanza ameamshwa usiku na yuko njiani. Anayempokea mgonjwa mlangoni ni mtaalamu msaidizi wa tiba ya wanyama. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu apewe idhini ya maandishi ya kuanza huduma ya kwanza ya kitabibu bila kusubiri amri, na kwamba anachokiona wodini kipewe uzito uleule unaopewa majibu ya maabara.

Mtaalamu msaidizi aliyefunzwa vizuri hahitaji mashine kumtambua mgonjwa asiyeweza kupanga foleni. Humtazama anavyopumua kabla hajamgusa, kisha huinua mdomo wa juu, hubonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, huachia na kuhesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 2, damu inafika inakotakiwa. Ikichelewa, huenda kuna tatizo la moyo au la kupungua kwa damu mwilini. Ufizi uliopauka, ufizi wa bluu na ufizi uliowiva wekundu kila mmoja una habari yake, na ule wa rangi ya kahawia kwa paka humfanya aulize papo hapo kama kuna mtu nyumbani aliyempa parasetamoli, ambayo kwa paka ni sumu.

Paka ndiye anayedai ujuzi zaidi. Mbwa aliyepoteza damu nyingi moyo wake hukimbia, na kila mtu chumbani huona kwamba kuna hatari. Paka aliye katika hali hiyo mara nyingi hufanya kinyume: mapigo hushuka, mwili hupoa, shinikizo la damu huanguka, naye hulala kimya ndani ya kikapu chake, na asiyejua humwona ametulia tu. Mapigo 120 kwa dakika, ambayo kwa mbwa mwenye wasiwasi hayamtishi mtu, kwa paka mgonjwa ni ishara ya hatari. Halafu yupo paka dume ambaye mtu aliyemleta anasema amefunga choo, kwa kuwa amemwona akichuchumaa kwenye sanduku la mchanga na kujikamua tangu asubuhi. Mikono yenye uzoefu ikipapasa tumbo inakuta kibofu kimejaa na kuwa kigumu. Mkojo usiotoka hupandisha potasiamu katika damu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo, kwa hiyo paka huyo akiambiwa asubiri zamu yake anaweza kufia pale pale kwenye benchi.

Paka anayepumua kwa mdomo wazi asishikwe kwa nguvu, wala asilazwe chali kwa ajili ya picha ya eksirei, kwa maana purukushani hiyo peke yake inaweza kumuua. Awekewe oksijeni na aachwe atulie kwanza. Sioni sababu ya uamuzi huo kusubiri saini ya mtu aliye chumba cha pili.

Idhini ninayoitetea ina mipaka, na mipaka hiyo iandikwe. Mtaalamu msaidizi aanzishe oksijeni, aweke kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, achukue damu kabla dripu haijaanza, apime sukari, abane jeraha linalovuja. Ampoze kwa maji na feni mbwa aliyezidiwa na joto, na akome kumpoza joto la mwili likishuka karibu na nyuzi 39.5, kwa sababu akiendelea atampoza kupita kiasi. Kiasi cha kwanza cha maji ya mshipani na dozi za dawa za dharura zipangwe mapema na daktari kulingana na uzito wa mnyama, zisainiwe, zibandikwe ukutani. Baadhi ya madaktari hupinga wakisema kwamba maji mengi yatamdhuru mgonjwa, na hofu hiyo ina msingi, hasa kwa paka, ambaye maji yakizidi huishia mapafuni au kuzunguka mapafu. Lakini hatari hiyo hupunguzwa na kipimo kilichoandikwa, haipunguzwi na kumfanya mtu mwenye ujuzi asimame akitazama. Utambuzi wa ugonjwa, uandikaji wa dawa na upasuaji vibaki kwa daktari; hilo silibishi.

Moyo unaposimama, jambo hili huwa wazi zaidi. Mwongozo wa RECOVER wa kufufua mbwa na paka waliosimama moyo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kuhuishwa mwaka 2024, unataka mikandamizo ya kifua 100 hadi 120 kwa dakika, katika mizunguko ya dakika 2 isiyokatizwa, na anayekandamiza abadilishwe kila mzunguko unapoisha, kwani nguvu humwishia kabla mwenyewe hajatambua. Ni kweli kwamba wanyama wengi waliosimama moyo hawarudi nyumbani hata wakifanyiwa kila kitu. Wenye nafasi bora ni wale ambao moyo umesimama wakiwa chini ya nusukaputi, na anayekaa kichwani mwa mnyama huyo akihesabu pumzi zake ni mtaalamu msaidizi. Kwa maoni yangu, kazi ya kufufua iongozwe na aliyeifanyia mazoezi zaidi, hata kama daktari yupo chumbani.

Usiku wodini ndiko thamani yake inakosahaulika zaidi. Daktari wa wanyama Rebecca Kirby aliandaa orodha ya mambo 20 ya kukagua kila siku kwa mgonjwa mahututi, na ndani yake, pamoja na shinikizo la damu na kuganda kwa damu, yamo maumivu, lishe, uuguzi na hata upendo. Mbwa asiyeweza kuinuka ageuzwe kila baada ya saa chache, asiyepepesa macho apakwe dawa ya kuyalainisha, na mkojo upimwe, ukitarajiwa kuwa mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa saa. Chukua mbwa aliye kwenye dripu anayepumua mara 24 kwa dakika saa 2 usiku, mara 32 saa 5, na mara 44 saa 8. Kila namba ikitazamwa peke yake ina udhuru wake. Zikisomwa pamoja, zinaonya kwamba huenda maji yanaingia mapafuni. Aliyeziandika kwenye chati anapopiga simu, daktari asimwambie asubiri mpaka asubuhi. Vivyo hivyo kwa maumivu: mwaka 2019 watafiti wa Université de Montréal walichapisha kipimo cha kusoma uso wa paka kwa masikio, macho, mdomo, sharubu na mkao wa kichwa, na anayeona uso huo ukibadilika saa 9 usiku ana haki ya kudai dawa iongezwe.

Ujuzi huu si wa kubahatisha. Nchini Marekani, chama cha kitaaluma cha wataalamu wasaidizi wa dharura na wagonjwa mahututi, AVECCT, kilitambuliwa mwaka 1996, na anayetaka cheti chake lazima awe na miaka ya kazi, kumbukumbu za wagonjwa aliowahudumia, na afaulu mtihani. Kumpata mtu wa namna hiyo, kisha kumtumia kufua mablanketi na kushika miguu ya wanyama tu, ni kumpunja yeye na kumpunja mgonjwa. Na kliniki inayolaza wagonjwa mahututi usiku huku ikimwachia mtu mmoja wodi, simu na mapokezi kwa pamoja, iwaeleze hivyo wenye wanyama kabla hawajasaini fomu ya kulaza.