"Diversity" ya nini?

Mwezi uliopita tulikaa watatu kwenye meza moja hapa Kisumu, mimi na walimu wenzangu wawili wa Kiswahili, tukitafsiri ukurasa wa ofisi fulani iliyotaka kujitambulisha kwa wananchi. Ilikuwa kazi ya saa moja, ikatumalizia mchana mzima. Kilichotukwamisha ni neno moja la Kiingereza, diversity. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ofisi hii inathamini diversity. Nukta.

Mwenzetu wa kwanza, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Nakuru kwa miaka mingi, aliandika "uanuwai" bila kusita. Wa pili, mtu wa hapa hapa Kondele, akakata, akaandika "tofauti". Mimi nilikuwa na "mbalimbali" mdomoni, lakini nilipotaka kuiandika nikakosa pa kuiweka. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kwa nini.

Nianze na uanuwai, maana hoja yake ni nzito kuliko wanavyodhani wanaolicheka kuwa neno la vitabuni. Anuwai limetoka Kiarabu, na asili yake ni wingi wa neno lenye maana ya aina. Kazi yake ni kuhesabu aina. Ukitaka kuona kwa nini lugha inahitaji neno la kuhesabu aina, teremka hadi ufuo wa Dunga umuulize mvuvi kuhusu fulu. Jina hilo moja la Kijaluo limebeba samaki wadogo ambao wataalamu wamewagawa katika spishi takriban 500 katika Ziwa Victoria, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine popote duniani. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akazaana kwa kasi miaka ya 1980, na fulu wakaanza kutoweka. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zimepotea. Asiyekuwa na neno la kuhesabu aina ataona tu kwamba fulu wamepungua wavuni. Mwenye nalo ataona kwamba viumbe 200 tofauti havitarudi tena. Kwa hiyo bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, ni neno ninalolifundisha darasani kwa moyo wote.

Tena mbuta hakufanya uharibifu huo peke yake. Maji yalichafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na kwa maji taka ya mijini. Fulu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yakishakuwa na ukungu rangi hazionekani. Jike humchagua dume yeyote, na baada ya vizazi vichache aina mbili zinakuwa moja. Hakuna aliyeliwa hapo. Kilichopotea ni uwezo wa kutambuana tu.

Lakini sentensi yetu haikuwa ya samaki, ilikuwa ya watu. Hapo ndipo mwalimu wa Kondele alipokataa katakata. "Anuwai ni ya bidhaa," alisema. "Dukani kuna vitambaa anuwai. Mimi si kitambaa." Na ni kweli kwamba ukizunguka Kibuye siku ya Jumapili, soko limejaa hadi barabarani, hutamsikia mtu akisema uanuwai. Utasikia "aina aina", utasikia "watu tofauti tofauti".

Neno tofauti, kwa upande wake, lina mwiba. Tukisema fulani na fulani wana tofauti zao, tunamaanisha wamegombana. Tukisema viongozi wametofautiana, kesho tunatarajia kusikia chama kimegawanyika. Mwenzetu wa Nakuru aliishi mji ule Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kwake, maneno "tofauti za kikabila" hayawezi kusimama karibu na neno "tunathamini". Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na sisi wawili tukanyamaza kwa muda.

Jambo moja lingempoza kidogo: Kiingereza chenyewe kilipitia huko. Neno lao limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kilichogeuzwa upande mwingine, na kuanzia karne ya 15 liliweza pia kumaanisha ugomvi, hata uovu. Maana hiyo ilikufa kufikia karne ya 17. Maneno husafika kwa matumizi, na tofauti yetu inaweza kusafika pia. Kusema kweli Kiswahili kimeshaanza kulisafisha kwa njia yake ya zamani, ya kurudufu. Tofauti moja ni ugomvi, tofauti tofauti ni wingi wenye amani. Vivyo hivyo mbali ni umbali unaotenga, lakini mbalimbali ni vitu vingi vilivyokusanywa katika sentensi moja. Sijui kama wasemaji wa Kilatini wangelisikia neno letu wangelishangaa, maana picha ni ile ile, ya vitu vilivyoelekea pande zake.

Sasa narudi kwenye kile kilichonishinda pale mezani. Mbalimbali haisimami peke yake. Huwezi kusema "ofisi inathamini mbalimbali". Msikilizaji atakungoja umalizie: watu mbalimbali? dini mbalimbali? lugha mbalimbali? Tofauti nayo ni hivyo hivyo, ni lazima iwe tofauti ya nani na nani, katika jambo gani. Neno la Kiingereza linaweza kukaa kwenye bango peke yake, likapendeza, bila mtu kuuliza ni ya nini. Letu haliruhusu. Kwa miaka mingi nimewasikia wasomi wakiuita huu upungufu wa Kiswahili. Mimi naona ndiyo nguvu yake.

Nikiri upande wa pili una haki yake. Katiba ya 2010 haiwezi kutaja kila kabila na kila dini katika kila kifungu. Kifungu cha 130 kinataka serikali ya kitaifa ionyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya nchi, na cha 197 kinazitaka kaunti zifanye vivyo hivyo katika mabunge na kamati zake za utendaji. Mwanasheria anahitaji nomino moja inayobeba mzigo huo, na uanuwai au neno jingine la kitaalamu linamfaa. Lakini hata sheria, zinapotaka kufanya kazi, huliacha neno zikashika hesabu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Hapo hakuna wa kujificha. Unaweza kuingia ofisini, ukahesabu.

Na hesabu yenyewe inataka kusemwa kwa majina, kwa sababu aliyechora mipaka ndiye anayeamua jumla. Mmaragoli na Mbukusu huandikwa Waluhya wote wawili, jina lililoanza kushika mizizi miaka ya 1930 na 1940, ingawa kila mmoja akisema lugha ya kwao kwa kasi mwenzake humpata kwa shida. Ofisi yenye hao wawili ina jamii moja au mbili? Wamakonde walihesabiwa kabila la 43 na Wakenya wenye asili ya Asia la 44 mwaka 2017, ilhali wote walikuwa hapa miaka yote tuliyokuwa tukisema makabila ni 42. Wanubi wa Kibos, hapa Kisumu, ambao kwa miaka mingi waliandikwa tu kama "wengineo", wanalijua hili vizuri kuliko mimi.

Basi jioni ile tuliacha uanuwai na tofauti, mbalimbali tukaipa vitu vya kushika, tukaandika: "Ofisi hii inaajiri na kuhudumia watu wa makabila mbalimbali, dini mbalimbali, wanawake kwa wanaume, na watu wenye ulemavu." Mwalimu wa Nakuru alikubali kwa sababu ugomvi haumo. Wa Kondele alikubali kwa sababu hakuna aliyefanywa kitambaa.

Ukurasa ulirudi baada ya siku nne. Orodha ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni wameandika kwamba ni ndefu mno, tuwatafutie neno moja. Tumewajibu kwamba halipo, na tumewaomba watuambie ni kipi katika orodha wanachotaka tukitoe.