Soma hesabu za mlezi

Watu wengi wanaofungua majalada ya zamani ya ulezi katika mahakama za mirathi za Marekani wanatafuta ukoo. Wakishapata jina la babu na mwaka, wananakili na kufunga. Ningewaomba wasubiri kidogo, wafike kwenye kurasa za hesabu.

Mlezi wa mali ya mtoto, aliyeteuliwa na mahakama, aliweka dhamana, mara nyingi maradufu ya thamani ya mali yenyewe, akiwa na wadhamini nyuma yake. Kisha alitakiwa kuieleza mahakama kila senti ilikokwenda. Ndiyo maana jozi ya viatu ya mtoto aliyekufa zamani bado ipo kwenye karatasi, pamoja na ada ya mwalimu na dawa ya homa. Mwaka ambao ada haionekani tena, lakini ujira wa mlezi upo palepale, nami huwa nasimama hapo.

Kwenye majalada hayo mtoto aliyefiwa na baba aliitwa yatima hata mama yake akiwa hai. Neno hilo kwetu nalo lina asili hiyohiyo, kwa hiyo halinishangazi. Kinachoniuma ni kumkuta mama ndani ya hesabu, akilipwa na mlezi kwa chakula na malazi ya watoto wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyelea, lakini mkoba ulikuwa kwa mwingine.

Wapo pia watu wazima waliotangazwa kuwa hawawezi kujisimamia. Majirani na madaktari walitoa ushahidi, uamuzi ukaandikwa, na mhusika akabaki kuzungumziwa tu.

Jinsi neno "hawezi" lilivyoweza kutumiwa vibaya ilionekana Oklahoma, kwa Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliotajirika kwa mafuta ya ardhini. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1921 iliwataka wale wenye nusu au zaidi ya damu ya wenyeji hao wa asili wawe chini ya walezi hadi wathibitishe kwamba wanajiweza. Watu wazima wenye akili timamu wakawa wanaomba fedha zao wenyewe. Baadhi ya walezi walikuwa wafanyabiashara waliowauzia bidhaa zao kwa bei za kupindukia, kisha wakazijumlisha kwenye hesabu. Wengine waliiba waziwazi. Kwa hiyo sikubali hoja kwamba muhuri wa hakimu unatosha kuonyesha mtu alitunzwa. Karatasi zile nazitaka zihifadhiwe na zisomwe kwa sababu zilinasa hata yale ambayo hakimu aliyaacha yapite.

Katika majalada mengi ya watoto kuna ukurasa ninaoupenda, wa mwisho kabisa. Mtoto ametimiza umri, anapokea kilichobaki na kutia sahihi, au alama ya msalaba kama hakufundishwa kuandika. Mara nyingi hapo ndipo mkono wake unapogusa jalada kwa mara ya kwanza. Kwa wengi waliotangazwa kutojiweza ukurasa huo haupo. Hesabu inafungwa na gharama za mazishi.