Kiama Ndani ya Tunda

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kujivunia hilo. Kwetu hata mtoto hachanganyi paa na p'aa: moja liko juu ya nyumba, wa pili ana pembe na anakimbia. Kaa likikuunguza ni la jikoni, k'aa akikubana gando ni wa pwani. Ni pumzi tu inayotofautisha, na pumzi hiyo tumezaliwa nayo. Kihindi nacho kinayo. Basi nilipokwenda Agra, India, kujifunza lugha hiyo, wenzangu wakawa wanatoka jasho katika somo la matamshi, mimi nimekaa nyuma natafuna njugu.

Kiburi hicho ndicho kilichonipeleka LibriVox. Huko, tangu 2005, watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, kisha vinawekwa mtandaoni bure. Hulipwi, wala hakuna anayekuuliza sauti yako umeirithi kwa nani. Unarekodi dakika moja ya majaribio, wanahakikisha maikrofoni yako haikoromi, umeshaingia. Nikaomba doha, yaani vishairi vifupi, za Kabir, mshairi na mfumaji wa nguo wa Banaras, karne ya 15. Nilipiga hesabu kwamba mjukuu wa kudai chake hatatokea.

Doha ni mistari miwili tu. Kila mstari una mizani 24, yaani 13 kabla ya kituo na 11 baada yake. Sisi tuliozoea nane kwa nane, mishororo minne, beti ishirini na mtunzi bado hajataja jina lake, tukiona mistari miwili tunaona kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Kuna jambo moja nilikuwa nimelisoma nikalifungia daftarini: kwetu kila silabi ni mizani moja, kwao irabu fupi ni moja na ndefu ni mbili. Kwao, urefu wa irabu si mapambo.

Nilipewa mwezi mzima. Kila siku nikasema kesho. Nikaja kukumbuka siku ya mwisho kabisa, Mei, joto nyuzi 44. Feni ilibidi nizime maana kwenye rekodi ilisikika kama lori linapanda mlima. Dirisha nikalifunga kwa sababu ya tumbili wa Agra, ambao wakiona mtu anaongea peke yake huja kumtazama. Halafu nikajifunika blanketi, mimi na kompyuta, ili sauti isigonge ukuta ikarudi. Nilipika humo kama muhogo.

Na tazama doha iliyoniangusha, ambayo kila mtoto wa India anaijua: la kesho lifanye leo, la leo lifanye sasa, kiama kitashuka kwa nukta moja, utalifanya lini tena? Naisoma hiyo mimi, niliyekawia mwezi mzima.

“Kesho” kwa Kihindi ni *kal*. (Jana pia ni *kal*. Wanaelewana wenyewe.) A yake ni fupi, ya kumezwa. Mimi a ninayo moja tu, niliyopewa na mama, pana kama mlango wa msikiti. Ikatoka *kaal*. Na *kaal* ni Mauti. Mbele kidogo kuna *pal mein pralay*, kiama ndani ya nukta moja; *pal* ndiyo hiyo nukta ya wakati. Hapo ile pumzi yangu ya Kimvita, ambayo hakuna aliyeialika, ikajitokeza kusaidia. Nikasema *phal*. *Phal* ni tunda.

Kwa hiyo nilichouachia ulimwengu ni hiki: la Mauti lifanye leo, kiama kitashuka ndani ya tunda.

Sikujua. Nilitoka blanketini nimelowa, najiona bingwa. Jioni nikapanda kwenye paa, la nyumba, si yule mwenye pembe, ambako mama mwenye nyumba na wajukuu wake hulala wakati wa joto. Tulimwita Ammaji. Hii ndiyo familia niliyoiambia wiki ya kwanza, kwa fahari, kwamba nimezaliwa na mama yangu Mombasa. Kumbe kwa Kihindi *mama* ni mjomba. Wakanihurumia sana. Leo nilitaka kurudisha heshima. Nikaazima spika ya mjukuu, nikafungulia sauti hadi mwisho.

Doha mbili za kwanza Ammaji alitikisa kichwa kwa raha. Ya tatu, mkono wake ukasimama juu ya dengu alizokuwa akichambua.

“Beta,” yaani mwanangu, “nani amekufa?”

Mjukuu alikuwa ameshaanguka kitandani, anapiga miguu. Na kutoka chini barabarani, ambako mkokoteni wa matunda ulikuwa ukipita polepole, sauti nzito ikapanda:

“Nani huyo anasema matunda yangu yana kiama?”

Akaja juu. Ngazi zote tatu, na ndizi mkononi kama kielelezo cha mahakamani. Aliimenya mbele yangu, akaila nusu, akasubiri kidogo ili sote tuone kwamba hajafa. Nikamwambia samahani bhaiya, yaani kaka, si mimi, ni Kabir. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akasimama wima na nusu ndizi yake, akaisoma doha yote kwa moyo, *kal* fupi, *pal* kavu, tamu hata spika ikaona haya.

“Kabir,” akasema, “hakuwa na ugomvi na ndizi.”

Nilinunua dazeni mbili na tikiti maji.

Usiku ule nilirudi chini ya blanketi. Ammaji akaweka kiti nje yake, na kila *kal* yangu ilipotanuka alinipiga goti kwa mwiko: “Fupi!” Nilirudia mara kumi na moja. Goti bado linakumbuka. Kulipokucha ikawa safi, nikaacha zile sekunde tano za ukimya ambazo wanataka mwishoni, nikatuma faili bila hata kuisikiliza.

Baada ya siku mbili msikilizaji wa kuhakiki, naye wa kujitolea, akaniandikia. Matamshi mazuri, hongera. Ila kwenye ule ukimya wa mwisho kuna mwanamume anapiga kelele kwa mbali. Je, ni sehemu ya shairi?

Nikavaa spika za masikioni. Alikuwa bhaiya, anarudi sokoni alfajiri na mkokoteni umejaa, ameshapata mwito mpya wa biashara:

“*Phal mein pralay!* Ndizi, ndizi! *Phal mein pralay!*”